Askari Aliyepigwa Pasi

Nyinyi mliobaki pale studio, mtaani Baba Dogo, mliniomba niandike mambo niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Sijui kama ni heshima mnanipa au ni njia ya kunizuia nisije kila asubuhi kuwasimamia mabegani. Vyovyote vile, nimenunua daftari, na mke wangu amefurahi kwamba nimekaa mahali pamoja. Habari za vyeo msizitafute humu. Niliingia nikiitwa fundi wa kurekebisha picha, nikatoka nikiitwa hivyo hivyo, na majina mengine yote niliyopewa yalikuwa ya utani.

Siku yangu ya kwanza sikuona uso wa mtu. Bwana Saidi, mzee wa Mombasa aliyenifundisha kazi, alinipa penseli na kipande cha msasa, akasema nichonge mpaka ncha iwe kama sindano. Nikachonga. Akaijaribu kwenye ukucha wake, ikavunjika. "Chonga tena," akasema. Kufikia jioni nilikuwa nimemaliza penseli tatu na vidole vyangu vilikuwa vyeusi tititi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa kula penseli.

Kesho yake ndipo alinikalisha kwenye ile meza mnayoijua, yenye kioo kilichoinama na kingine chini yake cha kuokota mwanga wa dirisha. Akaweka negativu juu. Kwenye negativu dunia imepinduka: palipo peusi usoni pa mtu huko ni peupe, na kunyanzi ni mstari unaong'aa. Ukiujaza ule mstari kwa vidoti vidogo vya penseli, kunyanzi linatoweka kwenye picha. Ukitaka kuongeza weusi, unakwangua kwa ncha ya wembe, huku umezuia pumzi, kwa maana wembe ukiteleza umemkata mtu ambaye hatapona. Bwana Saidi alifanya kazi hiyo akiimba. Mimi nilichukua miaka miwili kabla sijathubutu hata kukohoa.

Alikuwa na kanuni moja tu, na aliirudia mpaka ikanichosha: "Rekebisha picha, mwanangu. Mtu muache alivyo."

Niliisikia, lakini sikuishika. Ningeishikaje wakati wateja wenyewe ndio wanaoomba kufutwa? Bwana harusi mmoja wa Umoja alikuja na sampuli za picha zake akaniinamia mezani. "Niaje, buda. Hizi alama za chunusi unaeza toa? Na hii mapua, punguza kidogo bana, nataka kukaa fiti." Nikampunguzia. Mke wake akaja wiki iliyofuata kuomba na yeye apunguziwe shavu. Naweza kusema bila kujisifu sana kwamba nusu ya pua za Eastlands zilipita mkononi mwangu, na hakuna hata moja iliyotoka ikiwa kubwa zaidi. Nilijua kulainisha. Uso ulioingia kwangu na miaka hamsini ulitoka na thelathini na mitano, umetulia, mdomo umefungwa vizuri, kila mtu akiwa na amani ambayo hakuwahi kuwa nayo nyumbani kwake.

Bwana Saidi alistaafu akarudi kwao pwani, akaniachia wembe wake. Miaka ya tisini ikaingia na mashine za picha za rangi, zile za kutoa picha kwa saa moja. Watu hawakungoja penseli tena. Nilibaki na pasipoti na picha za marehemu: zilizokunjwa, zilizoliwa na mende, zilizokatwa kati na mke aliyeachwa. Nilidhani nimeyaona yote. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ilikuwa wakati wa ile mvua ya Elnino. Mwanamke wa makamo alifika studio kutoka mtaa wa Mowlem, viatu vimejaa matope mpaka kwenye soksi, amekumbatia sufuria iliyofunikwa. Aliitwa Mwikali, karani wa shule, mtu wa rika langu. Aliweka sufuria juu ya kaunta akashika kifuniko bila kukifunua.

"Fundi, kwanza uniahidi hutanicheka."

Nikaahidi. Fundi huahidi kila kitu.

Ndani ya sufuria mlikuwa na picha moja na leso moja. Picha ilikuwa ya askari wa vita vya pili vya dunia, wa wale waliopelekwa Burma. Kofia yake ilikuwepo, ukingo mmoja umekunjwa juu. Masikio yote mawili yalikuwepo. Shingo, vifungo vya shati, kaptura, buti, vyote vilikuwepo. Kuanzia kwenye nyusi mpaka kidevuni palikuwa karatasi tupu.

"Paa lilivuja," Mwikali akasema. "Maji yakaingia kwenye fremu. Picha ikalowa chapa chapa. Mimi nikaona, si hata vyeti vya shule vikilowa huwa navipiga pasi na vinanyooka? Nikaiweka ndani ya leso, nikaweka makaa kwa pasi." Akakunjua leso. Katikati ya maua palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kiganja. "Uso wa baba ni huu hapa."

Nyinyi vijana wa mashine mkumbuke hili hata kama mtasahau mengine: sura ya kwenye picha ya zamani imeshikwa na gundi laini, na gundi hiyo ikilowa kisha ikapata moto inayeyuka na kuhama. Mwikali alikuwa amehamisha uso wa baba yake akauweka kwenye leso. Sikumcheka. Niliuma mdomo kwa ndani, lakini sikumcheka.

Baba huyo aliitwa Nzioka. Alienda vitani Mwikali akiwa bado tumboni, na hakurudi. Hakuna kaburi ambalo familia imewahi kuliona, na picha nyingine haikuwepo. Mama yake Mwikali, Syombua, alikuwa hai, anaishi naye Mowlem, na alikuwa anapofuka. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, wasihesabu miezi mingi.

"Anataka kumwona kabla giza halijaingia," Mwikali akasema. "Hilo tu. Na hajanigombeza, Fundi. Hajasema hata neno. Angenitukana ningepata usingizi."

Niliichukua kazi hiyo kwa kiburi, nasema ukweli. Kwanza nilipiga picha ile iliyoharibika kwa kamera kubwa, nikapata negativu ya upana wa kiganja. Kisha nikamuuliza Mwikali baba alifanana na nani. Akasema mama yake husema macho ni yale yale, ya baba na ya binti. Basi nikamkalisha kwenye kiti, nikageuza taa ifuate upande wa jua la ile picha ya zamani, nikampiga picha ya macho. Mdomo je? "Alikuwa ameufunga," akasema. "Uso wa kazi, ule wa kijeshi."

Midomo iliyofungwa ndiyo niliyoijua kuliko yote. Nilifanya kazi wiki mbili, kidoti kwa kidoti, umeme ukienda nasogea dirishani. Nilipomaliza nilikuwa na askari wa kutundikwa ofisini kwa mkuu wa wilaya. Niliichapa kubwa, nikaipaka rangi ya kahawia ya zamani, nikavaa koti nikaenda Mowlem mwenyewe.

Syombua alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye uso uliojaa makunyanzi kiasi kwamba mkono ulianza kuniwasha palepale. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaenda nayo dirishani, akaisogeza mpaka karibu iguse pua, akageuza kichwa ili jicho la kulia lipate nafasi. Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshaandaa namna ya kupokea shukrani.

"Ni kijana mzuri," akasema. "Ni wa nani?"

Mwikali aliinuka akaenda jikoni, na nikasikia akifungulia mfereji ambao haukuwa na kazi yoyote. Mimi nilitamani sakafu inimeze na koti langu. Nikamuuliza mama ni wapi nimekosea.

"Macho ni yake. Mdomo ndio si wake. Huu umelala. Wa Nzioka haukuwa unalala."

"Lakini, Mama, si ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa, ndiyo. Lakini haukulala." Akanirudishia picha kwa upole, kama mtu anayemrudishia jirani mtoto wake. "Mimi maneno ya kuelezea sina. Kamuulize Kimeu. Walikuwa pamoja."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitembea mpaka steji ya matatu nikiwa nimevunjika yote mawili.

Kimeu sikuhitaji kumtafuta mbali. Alikuwa mzee mchongaji, anachonga twiga na vifaru wa watalii kwenye kibanda cha mabati, hatua mia mbili kutoka studio yetu, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimpita na kumsalimu bila kujua kwamba aliwahi kushika bunduki. Nilimkuta amekaa juu ya gogo la muhugu, kifaru kisicho na pembe katikati ya magoti. Nikamwonyesha picha yangu. Akaitazama, akatema kipande cha mti.

"Huyu umemwosha sana," akasema.

Kisha akanieleza Nzioka alikuwa nani. Hakusimamisha kazi, alisema huku akichonga. Nzioka alikuwa mrina asali. Mizinga aliitundika mwenyewe, akaumwa na nyuki mara nyingi hata akawa anasema wanamjua kwa jina. Alipooa, alienda kukata mkonge mashambani apate pesa za kujenga nyumba, na nyumba ilipofika kwenye linta, juu ya milango, vita vikaja. Waliandikishwa siku moja, yeye na Kimeu, sokoni, mbele ya chifu. Jeshini hakupewa cheo chochote. Alikuwa wa kubeba: risasi wakati wa kwenda, machela wakati wa kurudi, na chai katikati. Alikuwa akiimba vibaya na kucheka kwa sauti, na sajini alimwadhibu mara mbili kwa kucheka kwenye gwaride.

"Na alikufaje, Mzee?"

Kimeu alipuliza vumbi kwenye mgongo wa kifaru. "Watu wanapenda niseme alikufa akirusha bomu. Nilishawahi kusema hivyo kanisani, Mungu anisamehe, kwa sababu walitaka sana. Alikufa akileta chai. Tulikuwa kwenye mahandaki siku tatu, mvua ni hiyo, hakuna kitu cha moto tumboni. Yeye akasema ataileta. Akaja na debe kichwani mchana kweupe, anapita kwenye matope. Kombora likaanguka nyuma yake." Akageuza kifaru upande wa pili. "Alianguka kwa magoti, Fundi. Debe hakuliachia. Aliliweka chini kwanza, limesimama wima. Lilikuwa na tundu moja juu, lakini chai ilifika. Tulikunywa wote kumi na mmoja. Mimi niko hapa, na kumbukumbu ya ile chai ninayo mpaka leo."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Kimeu alinipa kitambaa chake cha kupangusia vifaru, na mpaka jioni nilikuwa na unga wa mti usoni.

Nikarudi kwenye mdomo. Hapo ndipo alipoweka tindo chini.

"Ile picha ilipigwa kambini kabla hatujapanda meli. Nzioka alikuwa amechongwa meno, haya ya mbele, kwa ncha, kama vijana wetu wa zamani wote. Mpiga picha akamwambia, funga mdomo, hayo meno usituonyeshe, picha inaenda kwa watu wastaarabu. Basi akaufunga. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera kwenye foleni. Nikamwigiza sajini anavyotembea, na makalio yake. Nzioka alikuwa karibu kupasuka! Ule mdomo ulikuwa umefungwa kama sufuria inayochemka inavyofungwa. Kifuniko kiko, lakini kinaruka."

Ndipo nilipoelewa. Miaka hamsini na ushei Syombua alikuwa akitazama kifuniko kile kikitaka kuruka. Mimi nikakilaza. Nililainisha kicheko cha mtu aliyebeba chai mpaka kifo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kulainisha kila kitu.

Kabla sijagusa penseli tena nilirudi Mowlem. "Mama," nikamwambia, "nimemwona Kimeu. Naweza kuufunga mdomo jinsi ulivyokuwa, na kicheko ndani yake. Au naweza kuufungua. Wewe ndiye unayejua."

Hakufikiri hata kidogo. "Waliomwambia afunge mdomo wako wapi sasa? Mwache acheke."

Lakini kuchora meno yaliyochongwa si jambo la kukisia. Sikuwahi kuchora hata jino moja la namna hiyo. Katika maisha yangu ya kazi nilikuwa nimeyafuta mengi. Nilimwomba Kimeu anionyeshe yake. Akafungua kinywa: ufizi mtupu. "Mengine yalibaki Burma," akasema, "mengine nikayaacha kwa miwa." Kisha akachukua kipande cha muhugu, akanichongea mdomo. Ndiyo, mdomo mzima, unaocheka, midomo na meno ya mbele yenye ncha, kila jino na kivuli chake. Alichukua siku mbili na kukataa chochote isipokuwa chai, akisema ni zamu yake kuinywa na yangu kuileta. Niliuweka mdomo huo kwenye kiti cha wateja, nikauwashia taa upande ule ule, nikaupiga picha. Mteja mmoja aliingia akaukuta hapo umekaa peke yake unacheka, akatoka akaenda kupigwa pasipoti kwingine.

Kwa picha hiyo mbele yangu nikaanza upya. Kinywa kikifunguka, uso mzima unahama: mashavu yanapanda, macho yanajikunja, makunyanzi yanazaliwa pembeni. Mimi, mfuta makunyanzi mkuu wa Eastlands, nilikaa siku kumi na mbili nikiyatia, moja moja, kwa wembe wa Bwana Saidi. Nilipochapa na uso ukaanza kupanda kutoka kwenye dawa, kwanza yalikuja meno. Nilipiga kelele pale chumba cha giza, na wenzangu mnakumbuka mlibisha mlango mkidhani nimeungua.

Tulienda Mowlem sote wawili, mimi na Kimeu. Ilikuwa asubuhi, na jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi. Syombua akaipeleka picha dirishani vile vile, pua kwenye karatasi, jicho la kulia mbele. Mwikali alisimama mlangoni, tayari kukimbilia jikoni. Nilijisemea kwamba akiuliza tena ni wa nani, natupa penseli zangu zote mtoni.

Hakuuliza kitu. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha msichana. Akaanza kusema na picha kwa Kikamba, harakaharaka, bila kupumzika, akiigonga kwa kidole.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza Mwikali.

"Anamwambia paa lilivuja," Mwikali akajibu, machozi yakimtiririka. "Anamwambia... aki ya Mungu... anamwambia binti yake alimpiga pasi."

Syombua akageuka kwetu. "Anacheka!" akasema kwa Kiswahili, ili tusikie wote. "Si mnaona anavyocheka? Mwikali, njoo uone, baba yako amesikia, na anacheka." Mwikali akaenda dirishani akajiangusha kwenye bega la mama yake, na wote wawili wakacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Kimeu alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, mkono kwenye paji la uso, saluti. Tulishinda. Sina neno jingine. Tuliishinda mvua, pasi, na mtu yule aliyesema funga mdomo.

Nilipochukua koti langu niondoke, Syombua aliniita.

"Kijana, bado kazi moja. Nipige na mimi, uniweke kando yake."

Alikuja studio wiki iliyofuata, amevaa gauni la kanisani. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia kwamba, akitaka, nitamfanya awe wa miaka ishirini, waendane, maana mume wake pale alikuwa kijana. Hilo nililiweza.

"Ujaribu!" akasema. "Usiguse hata kunyanzi moja. Ataniangalia, lazima ajue ni mimi niliyemngojea, na muda niliongoja."

Basi nikaingia nyuma ya kamera, na kwa mazoea ya miaka yote nikamwambia kile tunachowaambia wote: mama, funga mdomo kidogo, tulia.

Syombua akanitazama kwa lile jicho lake moja. Kisha akakifungua kinywa chote, akacheka. Mlikuwa na meno mawili tu yaliyobaki, ya mbele, na yote mawili yalikuwa yamechongwa ncha.

Nilipiga. Jioni niliiweka ile negativu juu ya kioo, nikachonga penseli mpaka ikawa sindano, nikaiweka mezani bila kutia kidoti hata kimoja, nikaenda nyumbani.